Adhabu Isiyopungua: Je, Ukali Peke Yake Watosha?

Hapana kosa liwashalo hasira za wananchi upesi kama ubakaji, na hasa pale aliyetendewa anapokuwa mtoto. Habari ikitoka mahakamani ya kwamba mtu fulani kafungwa miaka 30, wengi husema, "Ingekuwa 60." Ikitoka habari ya kwamba kafungwa miaka michache tu, watu huuliza hakimu kapewa nini. Hasira hizo ni za haki. Umma usiokasirika mtoto wake anapoharibiwa umekwisha kuharibika wenyewe.

Lakini hasira ni jambo moja, na sheria ni jambo jingine. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimejaribu kuitia hasira hiyo ndani ya sheria kwa njia moja kubwa, nayo ni kumwekea hakimu kima cha chini cha adhabu, ambacho hana ruhusa ya kukipunguza hata aone nini mbele yake. Na tangu mwaka 2017 mahakama za jirani zetu wa Kenya zimekuwa zikivutana juu ya swali hili: je, Bunge laweza kumfunga hakimu mikono kiasi hicho? Swali hilo si la mawakili peke yao. Lamhusu kila mzazi mwenye binti, na kila mzazi mwenye kijana wa kiume. Kwa hiyo yatupasa tulitazame kwa utulivu, bila ya kuwaonea haya wakubwa wala wadogo.

KIMA KILIWEKWA KWA SABABU

Kwanza tuseme wazi ya kuwa kima hicho hakikuletwa na ukatili wa watunga sheria. Kililetwa na kutoaminiwa kwa mahakama. Sheria za kale, tulizorithi kwa wakoloni, zilitaja kilele cha adhabu lakini hazikutaja kima cha chini. Mbakaji aliweza kufungwa maisha, na aliweza pia kutoka na kifungo ambacho mwizi wa ng'ombe angekionea kijicho. Yote yalitegemea hakimu ni nani, na ameamkaje siku hiyo.

Ndipo Tanzania ilipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo wengi waijua kwa jina la SOSPA. Sheria hiyo iliigeuza Kanuni ya Adhabu, ikasema ya kuwa mbakaji atafungwa maisha, na kwa vyovyote vile kifungo chake kisipungue miaka 30, pamoja na viboko, na kumlipa fidia yule aliyemtendea. Aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10 akapimiwa kifungo cha maisha, basi. Kenya ikafuata kwa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006. Huko adhabu ilipangwa kwa ngazi za umri wa mtoto. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Mtoto wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Ubakaji wa mtu mzima nao ukawekewa kima cha miaka 10.

Sheria hiyo ya Kenya haikupita kwa urahisi. Mswada uliletwa na Bibi Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa wakati ule, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Katika mjadala wake mbunge mmoja mwanamume alithubutu kusema, mbele ya dunia nzima, ya kuwa mwanamke akisema "hapana" aghalabu huwa na maana ya "ndiyo." Wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Na sheria ilipopitishwa, kiliingizwa kifungu cha kumtisha mlalamikaji: akionekana kuwa amesingizia, aadhibiwe kwa adhabu ile ile ambayo angeipata mshtakiwa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Twayataja hayo ili msomaji aelewe ya kuwa wale waliopigania kima cha chini walikuwa na sababu ya kutowaamini wanaume waliokalia viti, wawe wa Bungeni au wa mahakamani. Mtu asiyeyajua hayo asiharakishe kusema kima kiondolewe.

KAMBA YA KENYA YAVUTWA HUKU NA HUKU

Sasa tutazame mvutano wenyewe. Mnamo Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi ya mauaji, ya kuwa adhabu ya kifo iliyo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima lolote, ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wengi wa makosa mengine wakaona mlango umefunguka, nao wakaanza kuomba adhabu zao zitazamwe upya. Majaji wengine wakawakubalia. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikatoa maelezo ya kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake, wala usichukuliwe kuwa ufunguo wa kila kufuli.

Lakini jambo halikulala. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos, chini ya Jaji Odunga, ilisema ya kuwa vima vya Sheria ya Makosa ya Kijinsia navyo havipatani na Katiba, kwa kadiri vinavyomnyima hakimu hiari yake. Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ilishika njia hiyo hiyo, ikampunguzia mtu mmoja kifungo cha miaka 20 kikawa miaka 15. Na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi ikasema ya kuwa hata kifungo cha maisha kisicho na mwisho hakifai, ikampa mtu aliyemnajisi mtoto mdogo miaka 40 mahali pa maisha.

Mahakama ya Juu ikayapindua yote mawili. Tarehe 12 Julai 2024 ilirudisha miaka 20. Ilieleza ya kuwa kuna tofauti kati ya adhabu ya lazima na kima cha chini. Adhabu ya lazima haimwachii jaji kitu. Kima cha chini chamwachia nafasi ya kupanda juu, ingawa chamkataza kushuka. Tena ikasema ya kuwa kupanga vima ni kazi ya Bunge, na ya kuwa uhalali wa kifungu chenyewe haukuwa umeletwa na kujadiliwa ipasavyo tangu mahakama za chini. Aprili 2025 ikarudisha na kifungo cha maisha katika kesi ile ya Malindi.

Baadhi ya watu walishangilia, baadhi wakasikitika. Sisi twaona ya kuwa Mahakama ya Juu ilikuwa na haki kuurudisha mpira Bungeni, maana sheria isiyotakiwa hubadilishwa na waliochaguliwa, haimomonyolewi na kila jaji kwa upande wake. Lakini kusema ya kuwa Bunge lina uwezo wa kuweka kima si sawa na kusema ya kuwa kima kilichowekwa ni kizuri. Hilo la pili bado lataka kujibiwa, na kulijibu ni kazi yetu wananchi.

HAWA WAWILI SI SAWA

Tuwatazame watu wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa miaka 45 aliyemwita mwanafunzi wake wa miaka 12 nyumbani kwake kwa kisingizio cha kusahihisha daftari, akamharibu. Wa pili ni kijana wa miaka 19, muuza maji ya kunywa katika kituo cha mabasi, aliyependana na msichana wa miaka 17. Wazazi wa msichana waligundua mimba. Walipoona kijana hana mali, wakaenda polisi.

Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kama ilivyogeuzwa mwaka 1998, wote wawili ni wabakaji, kwa sababu msichana wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Na wote wawili kima chao ni miaka 30. Yule mwalimu atatoka akiwa mzee wa miaka 75. Kijana yule atatoka akiwa na miaka 49, na mtoto wake atakuwa amekwisha kuwa mtu mzima asiyemjua baba. Hatusemi kijana huyo hana kosa. Sheria ilimkataza, naye akavunja. Lakini mtu yeyote mwenye kipimo cha haki moyoni mwake hawezi kusema ya kuwa makosa hayo mawili ni uzito mmoja.

Na sheria ile ilikuwa na ajabu nyingine. Mvulana wa miaka 18 au chini ya hapo, akiwa ni mara yake ya kwanza, iliagiza apigwe viboko tu. Basi kati ya viboko na miaka 30 ya gereza palikuwa na siku moja ya kuzaliwa. Kwa upande wa msichana vile vile, mtu akimwoa binti wa miaka 15 kwa idhini ya wazazi, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, sheria ya ubakaji ilimwacha apite kwa kuwa ni mume. Asiyemwoa, gerezani miaka 30. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, ya kuwa vifungu hivyo vya ndoa ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Twayataja haya kwa sababu yaonyesha jambo moja: sheria iliyojidai kumlinda kila msichana wa chini ya miaka 18 iliacha mlango wazi kwa mzee mwenye mahari, ikamfungia kijana asiye na kitu.

Kenya nayo yalikuwako hayo hayo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Eldoret ilikataa ombi la mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa kulala na msichana wa miaka 16 kama yeye. Mvulana akawa mshtakiwa, msichana akawa mlalamikaji. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilimwachilia huru mtu aliyekuwa amehukumiwa miaka 15 kwa sababu ya msichana aliyekuwa amepita umri wa miaka 17. Majaji wakaitaka nchi ifanye mazungumzo ya kweli juu ya vijana wa umri huo, maana waliona magereza yanajaa vijana wa kiume wenye vifungo virefu.

UWEZO HAUPOTEI, HUHAMA

Wanaotetea kima husema, "Mkimwachia hakimu hiari, matajiri watainunua." Ni hoja nzito, wala hatuipuuzi. Lakini tuulize: je, kima cha chini kimeiondoa hiari hiyo duniani, au kimeihamisha tu?

Sisi twaona kimeihamisha. Hakimu hawezi kupunguza miaka 30, lakini askari wa upelelezi aweza kuandika "shambulio la aibu" mahali pa kuandika "ubakaji." Mwendesha mashtaka aweza kuliondoa shauri, au kutowaita mashahidi mpaka mahakama ichoke. Mtu aweza kumwendea baba wa mtoto usiku akiwa na ng'ombe wawili au bahasha. Hao wote wana hiari, nao huitumia gizani. Hakimu huitumia hadharani, kwa maandishi, na hukumu yake yaweza kukatiwa rufani. Basi tumeichukua hiari kwa mtu anayeonekana, tukaigawa kwa watu wasioonekana. Je, huko ndiko kukomesha rushwa?

Tena tukumbuke ya kuwa nchi yetu ilianza zamani kutumia dawa hii. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kima cha chini cha adhabu kwa ajili ya mla rushwa, mwizi wa mali ya umma, na mvunja nyumba. Kifungo kisipungue miaka 2, pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere hata uzeeni mwake alipenda kukumbusha habari hiyo, ya kwamba vile vya kutoka ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Watu walicheka, na walielewa ya kuwa serikali haikufanya mchezo. Lakini mla rushwa hakuondoka nchini. Aliendelea kula kila mahali alipojua ya kuwa hatakamatwa. Mtaliano Cesare Beccaria alikwisha kuandika mwaka 1764 ya kuwa kinachomzuia mtu asikose ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Ni zaidi ya karne mbili na nusu sasa, na uzoefu wetu haujamkanusha.

KESI HUFA KABLA YA ADHABU

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tunabishana juu ya miaka 30 au 15 ya mtu aliyekwisha kuonekana na hatia, na huku wengi hawafiki kabisa mahali hapo.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatolewa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa jambo la ukatili wa kijinsia kabla ya kufikia miaka 18. Wakati huo sheria ya miaka 30 ilikuwa na umri wa miaka 11. Kama ukali wa sheria peke yake ungekuwa ngao, hesabu hizo zisingekuwa kubwa namna hiyo.

Mtoto aliyetendewa hunyamaza kwa sababu aliyemtenda ni mjomba, ni jirani, ni mwalimu, ni baba wa kambo. Mama akijua, naye hupima: nikisema, huyu atakwenda miaka 30, na nani atatulisha? Ukoo nao huketi na kusema jambo limalizwe nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika jambo hili anayeumbuliwa ni mtoto, wala si yule mficha maradhi. Kadiri adhabu inavyokuwa moja tu, tena kubwa kupita zote, ndivyo ndugu wanavyozidi kuona ya kuwa kusema ni kuua nyumba.

Na wale wachache wanaofika polisi, nini huwapata? Mwaka 2013, katika kaunti ya Busia huko Kenya, watu waliotuhumiwa kumbaka msichana kwa pamoja na kumtupa ndani ya shimo la choo walipewa na polisi adhabu ya kukata majani, kisha wakaachwa waende zao. Sheria ya Kenya wakati huo ilikwisha kuwa na kima cha miaka 15 kwa ubakaji wa kundi! Kima kilikuwako katika kitabu, na majani yakakatwa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja wa nchi mbalimbali watie sahihi zao ndipo kesi iende mahakamani, na mwaka 2015 watu watatu wakafungwa miaka 15. Mwaka huo huo wa 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua ya kuwa polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kupuuza kuyachunguza mashtaka yao. Tazama: tatizo halikuwa upungufu wa miaka ya kifungo. Lilikuwa daftari la askari lisiloandikwa.

Hapa Tanzania kesi nyingi zimekufa mahali pengine, nako ni katika rufani. Mtoto mdogo anapotoa ushahidi, sheria hutaka utaratibu maalum. Zamani ilikuwa lazima hakimu amhoji kwanza kuona kama anaelewa maana ya kiapo. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikasema mtoto aweza kutoa ushahidi bila ya kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Neno moja tu! Lakini katika rufani kadhaa Mahakama ya Rufani ilikuta ya kuwa hakimu hakuiandika ahadi hiyo. Ushahidi wa mtoto ukafutwa, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine wa kutosha, mtu aliyekuwa amefungwa miaka 30 au maisha akaachiliwa. Vivyo hivyo na fomu ya polisi, ile iitwayo PF3: mshtakiwa asipoelezwa haki yake ya kutaka daktari aje kuhojiwa, fomu hiyo huondolewa katika kumbukumbu.

Hatuwalaumu majaji wa rufani. Adhabu inapokuwa nzito kiasi hicho, hapana budi kila hatua iwe imenyoka, maana kumfunga asiye na hatia miaka 30 ni dhambi nyingine. Lakini mtoto yule, aliyesimama mbele ya watu wazima akayasema yasiyosemeka, humwambia nini? Humwambia ya kuwa hakimu alisahau kuandika sentensi moja?

AFRIKA YA KUSINI WALIFANYAJE

Wapo waliojaribu njia ya katikati. Sheria ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1997, iliyoanza kutumika mwaka 1998, iliweka kifungo cha maisha kwa ubakaji wa kundi na kwa ubakaji wa mtoto wa chini ya miaka 16, na miaka 10 kwa mkosaji wa mara ya kwanza katika ubakaji mwingine. Lakini ilimwachia jaji mlango mmoja mwembamba. Akiona sababu nzito zinazomlazimisha, aweza kushuka chini ya kima, mradi aziandike sababu hizo. Mahakama ya Katiba iliikubali sheria hiyo mwaka 2001.

Tena mlango huo haukuwa bila ya hatari, nasi hatutaificha. Jaji mmoja wa huko alimpa miaka 7 baba aliyembaka binti yake wa miaka 14, akisema ya kuwa mtu huyo ni hatari kwa binti yake tu, wala si kwa watu wengine. Kana kwamba binti si mtu! Mahakama ya juu yake ikaipandisha adhabu hiyo hadi miaka 12. Kwa hiyo mwaka 2007 Bunge lao likaongeza maneno: mambo fulani yasihesabiwe kamwe kuwa sababu. Kwamba mwanamke aliwahi kuwa na wanaume wengine, si sababu. Kwamba hakuonekana na majeraha, si sababu. Kwamba mila au dini ya mshtakiwa yaruhusu, si sababu. Kwamba walikuwa wakijuana au kuwa na uhusiano zamani, si sababu. Na kwa vijana waliokaribiana umri, Mahakama ya Katiba mwaka 2013 iliona ya kuwa kuwafanya wahalifu ni kuwadhuru wale wale wanaotakiwa kulindwa, na mwaka 2015 sheria ikarekebishwa.

Hatusemi Afrika ya Kusini wamekomesha ubakaji. Sivyo hata kidogo. Hali yao ni mbaya inayojulikana na wote. Tunasema tu ya kuwa wameonyesha jinsi kima na hiari viwezavyo kukaa nyumba moja, na jinsi ya kumzuia jaji mwenye mawazo ya kale asiutumie mlango kumpitishia mkosaji.

TUFANYE NINI BASI

Maoni yetu ni haya. Kima cha chini kisiondolewe kwa mtu mzima aliyemwingilia mtoto mdogo. Wala kwa aliyetumia nguvu, silaha au kundi. Wala kwa yule aliyekabidhiwa mtoto akamgeuka, awe mzazi, mlezi, mwalimu, kiongozi wa dini au mganga. Kwa hao kima ni ngao, na yeyote atakayetaka kuiondoa ngao hiyo atueleze kwanza atamkinga mtoto kwa nini.

Lakini katika kesi za vijana waliokaribiana umri, pasipo nguvu wala hila, sheria imrudishie hakimu hiari yake. Itajwe wazi tofauti ya miaka inayokubalika, ili mzee asijifanye kijana. Na katika kesi nyingine zote uwekwe mlango mmoja mwembamba, wenye masharti matatu. Hakimu aandike sababu zake. Mambo yasiyokubalika kuwa sababu yaorodheshwe na sheria yenyewe. Na Mkurugenzi wa Mashtaka awe na haki ya kukata rufani mara moja.

Watatuambia, "Mlango mwembamba utapanuka uwe lango." Twajibu: malango yapo tayari, nayo hayana bawabu. Yako kituo cha polisi, yako katika kikao cha ukoo, yako katika chumba cha kuandikia mashtaka. Afadhali mlango mmoja ulio mbele ya watu kuliko kumi iliyo nyuma ya nyumba.

Na zaidi ya hayo yote, nguvu tuliyoitumia kwa miaka 25 kubishana juu ya urefu wa kifungo ihamie katika kazi isiyo na shangwe. Kila dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi liwe na askari aliyefundishwa kuongea na mtoto. Fomu ya PF3 isikwame kwa kukosa daktari wa kuijaza. Hakimu wa kila wilaya awe na karatasi mezani pake yenye hatua za kupokea ushahidi wa mtoto, ili ahadi ile ya kusema kweli isisahaulike tena. Na fidia iliyotajwa na sheria iamriwe, ikafuatiliwe mpaka ilipwe, kwa kuwa mtoto ana shule na matibabu ya kuendelea nayo, na kifungo cha mwingine hakilipi ada.

Mtoto aliyetendewa ovu hili hataki mambo mengi kwetu. Ataka aaminiwe anaposema, na ataka yule aliyemtenda asirudi tena mlangoni pake. Miaka 30 iliyosomwa mahakamani kwa sauti kubwa, kisha ikafutwa katika rufani kwa sababu ya sentensi isiyoandikwa, haikumpa hata moja katika hayo mawili. Miaka 15 iliyochunguzwa vema, ikathibitishwa na kusimama, humpa yote mawili. Wabunge watakapoketi tena kuipima sheria hii, na wapime kwa kipimo hicho.